Shofaje ya Gari Langu na Magoti ya Mama Mkwe

Niliporudi Nchelenge kutoka Katanga, katikati ya miaka ya hamsini, gari langu lilikuwa na kitu ambacho hakikuwamo katika gari lingine lolote kwenye ufuo ule wa ziwa Mweru. Malori ya samaki yalikuwapo, na gari la bwana mkubwa wa serikali lilikuwapo, lakini shofaje nilikuwa nayo mimi peke yangu. Shofaje ni kisanduku cha chuma kinachokaa chini ya dashibodi, mbele ya miguu ya abiria. Maji ya moto yanatoka kwenye injini kwa mpira mmoja, yanapita ndani ya kisanduku katika vibomba vyembamba vya shaba, kisha yanarudi kwenye injini kwa mpira wa pili. Feni ndogo inapuliza juu ya vibomba hivyo, na hewa ya joto inatoka. Basi. Mwalimu wetu alitumia majuma mawili kueleza jambo hilo, na mimi nimelimaliza kabla chai yako haijapoa.

Wavuvi hawakuvutiwa.

"Sisi tunatafuta kivuli," mmoja wao aliniambia pale Kashikishi, akishona wavu bila hata kuinua macho. "Huyu ameenda Kongo miaka minane akarudi amenunua jua."

Niliwasamehe. Mtu ambaye hajaenda shule ya ufundi huliangalia gari kama anavyomwangalia ng'ombe: ana miguu minne, anakwenda. Mimi nilikuwa nimeanza kazi Elisabethville, mji mkubwa wa Katanga, kwa kuosha bolti katika karai la mafuta ya taa, mwaka mzima, kabla sijaruhusiwa kushika spana. Jioni nilisoma. Hakuna mjomba aliyenilipia, hakuna padri aliyenishika mkono. Nilipopata dipulome yangu, yenye muhuri mwekundu na jina langu limeandikwa kwa wino wenye mikia, niliisafirisha katikati ya vipande viwili vya mbao ili isipate kunjo hata moja. Nyumbani niliitundika ukutani ikitazama mlango, kwa hiyo mgeni aliyeingia alisalimiana nayo kwanza, kisha ndipo akanisalimia mimi.

Gari lenyewe lilikuwa la Amerika, la kabla ya vita. Nilikuwa nimelinunua kwa muzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Usukani ulikuwa upande wa kushoto, kama ilivyo Kongo. Rangi yake ilikuwa ya maziwa yaliyochacha. Mlango mmoja ulifunguka kwa kubembelezwa. Lakini injini niliifungua na kuifunga mwenyewe, na ilinguruma kama mtu mwenye kanuni.

Msichana niliyetaka kumwoa alikuwa mgeni pekee aliyesimama mbele ya dipulome ile akaisoma hadi chini, pamoja na maneno madogo ya pembeni. Niliamua siku hiyohiyo. Tatizo ni kwamba kwetu msichana haolewi kwa kusoma ukuta.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na neno la mwisho ni la mjomba. Mjomba wake aliishi juu kwenye nyanda za Kawambwa, karibu mwendo wa nusu siku kwa gari. Alikuwa ametuma habari: posa hii ataisikia kutoka kinywani mwa dada yake mwenyewe, wala si kwa mjumbe, na aisikie kabla mwezi wa Juni haujaisha, kwa sababu baada ya hapo atakwenda kukaa na mwanawe kwenye migodi mpaka mvua zirudi. Tena alikuwapo mwanamume mmoja wa Chienge, mwenye mitumbwi miwili, yote miwili ina mashine. Huyo tayari alikuwa amepeleka tumbaku kwa mjomba. Mimi nilikuwa sijapeleka hata kiberiti.

Kwa hiyo ilikuwa lazima mama wa msichana apande Kawambwa mwezi wa Juni. Na mama huyo alikuwa na magoti mabovu. Mwaka uliotangulia alikuwa amepanda huko mwezi kama huo juu ya lori la samaki, akakaa wazi juu ya vikapu, upepo wa nyanda za juu ukampiga toka miguuni hadi shingoni, na kule mwisho wa safari alishushwa kama gunia. Aliapa kwamba hatapanda tena wakati wa baridi, hata kama anakwenda kuzika.

Nikaona Mungu ana mipango yake. Nikatuma neno: "Mwambieni mama, ndani ya gari langu atakaa kama anavyokaa jikoni kwake."

Akakubali. Ndipo nikarudi nyumbani, nikawasha shofaje kwa mara ya kwanza tangu ninunue gari.

Ilipuliza hewa ya baridi yenye vumbi la Katanga.

Hapa inafaa nieleze adabu ya kwetu. Mwanamume anayeposa haonani na mama wa msichana. Wakikutana njiani, mmoja wao anaingia majanini. Hawasemezani, hawatazamani, hawali pamoja, mpaka siku ile mama mwenyewe atakapopika chakula kwa mkono wake na kumpelekea. Sahani hiyo ikifika, njia imefunguliwa, mwanamume amekuwa mtoto wa nyumba. Kabla ya sahani, yeye ni sauti nyuma ya ua, na wewe ni kikohozi upande wa pili.

Maneno kati yetu yalibebwa na nyanya wa msichana, mama wa huyo mama mkwe. Nyanya kwetu ana ruhusa ya kumtania mume wa mjukuu wake apendavyo, na huyu aliitumia ruhusa yake yote bila kubakiza ya kesho. Aliniita "bwana yangu", nami nilimwita Kambo, yaani nyanya. Miaka mingi alikuwa ameuza samaki ng'ambo, upande wa Kongo, Kasenga na Kilwa, na ingawa wote nyumbani tulisema Kibemba, mimi alinisemesha Kiswahili cha sokoni, kinachosema njo kwa ndiyo na eko kwa yuko. Alisema mtu aliyetoka Kongo asimangwe kwa lugha ya Kongo, ili asipate mahali pa kujificha.

Siku tatu kabla ya safari alinitaka nilete gari uani kwao aone moto wenyewe. Nililileta nikiwa na kisanduku cha vifaa, na uso wa mtu asiye na wasiwasi.

"Bwana yangu," alisema, ameweka kiganja mbele ya shofaje, "moto iko wapi?"

"Inakuja, Kambo. Kwanza nitafute ugonjwa."

"Kumbe iko mugonjwa! Na we ulisema ni jiko."

Fundi asiye na shule hufungua kila kitu. Fundi mwenye dipulome huanza kwa kiganja. Feni ilikuwa inazunguka, kwa hiyo waya ulikuwa mzima. Niliacha injini ipate moto, nikaigusa mipira miwili ya shofaje. Yote miwili ilikuwa baridi. Maana yake maji hayaingii kabisa. Nikafuata mpira wa kwanza mpaka kwenye injini, na pale nikaikuta koki, imefungwa na kutu. Yule muzungu lazima aliifunga siku ya kwanza aliposhuka Afrika na hakuigusa tena. Nikainywesha mafuta ya taa, nikaigonga kidogokidogo, nikaiimbia, ikafunguka.

Mpira mmoja ukawa vuguvugu. Kidogo tu.

Nikafungua pale juu ya injini panapokaa themostati. Hicho ni kidude kinachoyazuia maji yasiende kupoa kwenye rejeta mpaka injini ipate moto wa kutosha. Nilikuta mahali pake patupu. Mafundi wengi wa Katanga hukitoa na kukitupa, wakisema nchi ina joto la kutosha. Sikushangaa; mimi mwenyewe nimekitoa kwenye magari ya watu. Dawa yake si lazima itoke dukani: nilichukua mkeka mkuukuu, nikaufunga mbele ya rejeta ili upepo usiipoze injini.

"Sasa unavalisha gari nguo?" nyanya akauliza.

"Inasikia baridi, Kambo."

"Masikini. Na we utavaa nini kama mukwe anakufukuza?"

Mpira wa kwanza sasa uliunguza mkono. Wa pili bado ulikuwa baridi kama samaki. Hapo nilitabasamu, kwa maana nilijua. Hewa ilikuwa imejifungia ndani ya vibomba, maji hayana pa kupita. Dawa ni kuufungua mpira, kuuinua juu, na kuumiminia maji mpaka hewa yote itoke. Nikaomba maji.

Ndoo ilikuja kupitia tundu la ua wa matete. Mkono ulioisukuma sikuutazama. Kisha sauti ikasema kwa Kibemba, taratibu, kana kwamba inazungumza na matete:

"Mama, mwambie ayachuje. Nimeyateka pale penye majani, penye watoto wa samaki."

Nilisikia kila neno. Lakini kwa adabu yetu nilikuwa sijasikia kitu, nikangoja.

"Eko anasema uchuje ile mayi," nyanya alisema. Sehemu ya watoto wa samaki aliila.

Kama ningechukua kitambaa wakati ule, hadithi hii ingekuwa fupi. Lakini nilikuwa nimeinama juu ya injini yangu mwenyewe, mbele ya ua uliojaa macho, na miaka minane ya Katanga ilipanda kooni.

"Kambo, petroli njo inachujwa. Mafuta njo inachujwa. Mayi ni mayi."

"Karatasi yako njo inasema vile?"

"Njo inasema."

Karatasi haikusema hivyo. Naungama.

Nikamimina ndoo nzima kwa faneli. Hewa ikatoka ikigugumia, maji yakafuata, nikaufunga mpira. Baada ya dakika tano hewa ya moto ikapuliza kwenye vifundo vya miguu ya nyanya, naye akapiga ukelele uliowatoa kuku chini ya gari. Alikataa kushuka. Alikaa mle ndani alasiri nzima na kiko chake, jua la Nchelenge likiwaka nje na shofaje ikiwaka ndani, jasho likimtiririka, akiwaita wapita njia waje waone. Jioni nyanya aliniletea jibu: Jumatatu alfajiri tunaondoka.

Jumatatu nilivaa shati jeupe na tai. Ndani ya gari nilikuwa nimetundika kitenge kutoka mlango hadi mlango, kikagawanya viti vya mbele na vya nyuma. Nyanya alikaa mbele na mimi. Mama mkwe aliingia nyuma wakati mimi nimegeukia ziwa, na kwa kuwa mlango wake ndio ule wa kubembelezwa, nililitazama ziwa muda mrefu sana. Chini ya miguu yake tuliweka kikapu cha samaki waliokaushwa kwa moshi, zawadi ya mjomba.

Saa nzima ya kwanza ilikuwa kama nilivyoahidi. Tulifuata barabara ya mchanga kuelekea kusini, ukungu ukiwa umelala juu ya maji, na ndani ya gari kulikuwa jikoni. Nyuma ya kitenge nilisikia pumzi ya mtu aliyenyoosha miguu. Harufu ya samaki ilianza kupanda, ikawa nzito, wala hakuna aliyeitaja. Katika ufuo wetu harufu ya samaki si habari. Nguo zinanuka samaki, Biblia zinanuka samaki, bibi arusi ananuka samaki na sabuni. Na kikapu si kilikuwa pale?

Tulipofika chini ya mlima, joto likapungua. Tulipoanza kupanda, likaisha. Feni ilipuliza tu, na ilichopuliza kilikuwa baridi ya Kawambwa yenyewe, inashuka kutupokea.

Nyuma, viganja vilianza kusugua magoti.

Sauti ya Kibemba ikasema na kitenge. Nyanya akageuka kwangu.

"Eko anauliza, shofaje yako inaamukaka saa ngapi?"

"Sasa hivi, Kambo."

Nilisimama kando ya barabara. Mkeka ulikuwa mahali pake. Koki ilikuwa wazi. Waya ulikuwa mzima. Nikagusa mipira: wa kwanza unaunguza, wa pili baridi. Nikasema ni hewa tena. Nikaufungua mpira, nikauongezea maji kutoka kwenye chupa yangu ya kunywa, lakini maji hayakutaka kushuka. Nikafunga. Tukaenda maili moja. Baridi. Nikasimama mara ya pili, nikaifungua feni nikaipangusa mabawa, jambo ambalo halina faida yoyote, ila linaonekana ni kazi.

Nyanya alikuwa amejifunika mpaka puani.

"Bwana yangu, ile karatasi umekuja nayo?"

"Iko nyumbani, Kambo."

"Pole. Ni karatasi nguvu. Tungeiwasha, tungepata moto."

Kicheko kikasikika nyuma ya kitenge, lakini kilikuwa cha mtu mwenye meno yanayogongana. Kisha kikanyamaza, na nikasikia maneno ambayo hayakuhitaji kubebwa na mtu, ingawa yalibebwa.

"Anasema turudie. Magoti inakataa."

Nilisimama pale na spana mkononi. Kurudi kulikuwa na maana moja tu. Mjomba atasafiri, mvua zitanyesha, na yule wa Chienge mwenye mashine mbili atapanda mlima akiwa na tumbaku. Wala sikuweza kumlaumu mama yule. Hakuwa ameahidiwa dipulome, aliahidiwa jiko.

"Kambo, muombee anipe muda. Kidogo tu."

Wakanong'onezana.

"Anakupa kiko moja," nyanya alisema, akitoa tumbaku yake. "Mi navuta. Ikiisha, unageuza gari."

Sijapata kuona mtu akivuta kiko namna ile. Alikijaza kama anajaza ghala. Alikiwasha kikazima, akakiwasha tena. Kila nilipochungulia alikuwa amekishika mbali na mdomo, anakitazama kama anayesahau kazi yake. Nilimpenda sana mwanamke yule, na nilimwambia hivyo, naye akaniambia niendelee kutafuta, mapenzi hayapashi goti.

Nilikuwa chini ya dashibodi, shavu limegusa shofaje, wakati sauti ya nyuma iliposema tena. Safari hii haikulalamika. Ilikuwa sauti ya mtu aliyeinua kifuniko cha chungu.

"Mama, hii harufu si ya kikapu. Samaki wa kikapu wamekaushwa, wananuka moshi. Huyu ni samaki mbichi anachemshwa. Tena wadogo. Tena bila chumvi."

Nyanya akachukua pumzi ili anitafsirie. Sikungoja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilivunja adabu, nikasikia bila kuambiwa.

Mayi ni mayi!

Nilifungua mipira yote miwili. Nilichukua pampu ya kujazia magurudumu, nikazungushia kitambaa kwenye mdomo wake, nikaubana kwenye bomba la kutolea maji, yaani nyuma mbele, ili kilichoingia kwa huku kitokee huko. Nikapiga mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu kitu kililia ndani ya shofaje, ikajikohoza, ikatapika. Mchuzi mweupe ulinipata kifuani, na pamoja nao vijisamaki, vidogo kama kucha, vimeiva vizuri, vingine vizima na macho yao, vikajipanga juu ya tai yangu ya Elisabethville.

Kisha kitenge kikaanza kutikisika. Mwanzoni nilifikiri ni magoti. Alikuwa anacheka, mama mkwe wangu, anacheka kwa sauti nisiyowahi kuisikia, nene, ya tumboni, na kila alipojaribu kunyamaza nyanya alisema "bila chumvi!" na wote wawili walianza upya. Kiko kilikuwa kimezimika zamani. Hakuna aliyekitaja.

Kijito kilikuwa karibu. Niliteka maji, nikarudi na ndoo, nikasimama natafuta kitambaa kisicho na mafuta wala mchuzi. Chini ya kitenge ukatoka mkono, umeshika kitambaa cha kichwani, safi, kimekunjwa mara nne. Niliutazama mkono huo. Sikukusudia.

"Anasema uchuje," nyanya alisema.

Nilichuja. Nilichuja maji ya kijito cha mlimani yaliyo safi hata ungesoma gazeti kupitia ndani yake. Nilichuja mara mbili.

Joto lilirudi kabla hatujamaliza kona ya pili, nalo lilikaa mpaka mwisho wa safari. Harufu vilevile ilikaa. Tulipofika kwa mjomba, mama mkwe alishuka kwa miguu yake mwenyewe, nami nimegeukia msitu.

Mjomba alikuwa mzee mrefu, mkavu, aliyevaa koti la jeshi. Alikaa na dada yake na mama yake ndani muda mrefu. Mimi niliachwa uani kwenye kiti cha kukunja, shati langu limekaukia mwilini na kuwa gumu kama ubao. Nilisikia sauti ya nyanya ikipanda na kushuka, na nikatambua sehemu za hadithi, ingawa katika hadithi yake samaki walikuwa wakubwa zaidi na mimi nilikuwa mfupi zaidi. Mjomba hakucheka. Hilo lilinitia hofu.

Akatoka, akasimama mbele yangu, akanusa.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndimi, mukwai, mzee wangu. Nina dipulome ya—"

"Nimeambiwa." Alikaa kwenye kigogo. "Nimewaoza wasichana sita wa nyumba hii. Desturi naijua. Mama mkwe anampikia mkwe, na kwa chakula hicho njia inafunguka. Ndivyo?"

"Ndivyo, mukwai."

"Sasa naambiwa wewe umempikia yeye. Kabla yeye hajakupikia. Samaki, ndani ya gari."

Katika shule ya ufundi hatukufundishwa jambo hilo.

"Yule wa Chienge aliniletea tumbaku," alisema. "Tumbaku najua la kuifanya. Hili lako wazee hawakutuachia neno." Alifikiri, ameufunika mdomo kwa kiganja, na macho yake tu ndiyo yaliyomsaliti kidogo. "Deni la namna hii haliwezi kulala. Mtu amepikiwa, lazima apike. Dada yangu atarudisha leo, hapahapa, kisha mambo yakae katika utaratibu wake."

Ilinichukua muda kuelewa alichokisema. Nilikuwa nimeanza kuomba radhi, naye alikuwa ameshaingia ndani.

Moshi ulitoka jikoni. Nilikaa peke yangu. Jua lilikuwa limepanda, lakini pale juu lilikuwa jua la kutazamwa tu, halipashi. Nilifikiri juu ya msichana aliye Nchelenge, na jinsi nitakavyomweleza mambo haya bila kutaja pampu.

Nyanya alikuja na sinia kichwani, akaliweka mbele yangu kwa heshima ambayo hajawahi kunipa kabla wala baadaye. Kulikuwa na ugali mweupe umefinyangwa vizuri. Kulikuwa na kuku mzima, firigisi ikiwa juu, mahali pake. Na kando ya kuku, katika kibakuli kidogo chenye kifuniko, kulikuwa na vijisamaki vidogo kama kucha, vimechemshwa kwa maji matupu. Sijui vilipatikana wapi kule juu mlimani. Nadhani viliteremka kutoka kwenye tai yangu.

"Mama anasema," nyanya alianza.

"Nimesema kula, mwanangu," ikasema sauti kutoka mlangoni mwa jiko.

Niliinua kichwa. Alikuwa amesimama pale, mwanamke mnene wa makamo, kichwa wazi, kwa sababu kitambaa chake kilikuwa bado kimetundikwa kwenye kioo cha gari langu kikikauka. Aliniangalia usoni, mimi nikamwangalia.

Kuku niliacha wa mwisho. Nilianza na kibakuli, nikala samaki wote, mmoja mmoja, mpaka macho. Chumvi hawakuwa nayo, wala sikuomba.